Sauti Ijulikane: Neno kwa Kwaya Zetu na kwa Wanaopiga Vyombo

Somo: 1 Wakorintho 14:6-12, Kutoka 40:34-38, Ezra 2:41 na 65



Mtume Paulo alipowaonya Wakorintho juu ya ibada yao yenye fujo, alichukua mfano kwa wapiga muziki. Alitaja filimbi, akataja kinubi, akataja na tarumbeta ya vita. Vyombo hivi havina uhai, asema mtume, lakini vinadaiwa jambo moja: sauti zake zipambanuke, hata msikiaji ajue ni wimbo gani. Tarumbeta ikilia ovyo, askari hajui kama ameitwa vitani au ameitwa chakulani. Baada ya hapo ndipo Paulo anageukia ndimi na maneno. Sisi wahubiri mara nyingi tunakimbilia kwenye ndimi na kuuacha mfano nyuma. Leo tubaki kwanza kwenye mfano, maana jambo linalotusumbua kanisani petu miezi hii ni la chombo hasa.

Mnakijua. Ni kile kisanduku kidogo tulicholetewa na ndugu zetu waliohamishiwa Marekani, Yamaha QY70, aina iliyotoka mwaka 1997. Ukubwa wake ni kama kanda ya video ya zamani. Kinatumia betri sita ndogo. Juu yake kuna vitufe vilivyopangwa mfano wa kinanda, oktava mbili tu, na ndani yake mna sauti 519 za vyombo pamoja na seti 20 za ngoma. Hakina spika yake. Unakisikiliza kwa hedifoni, au unakipeleka kwa waya kwenye amplifaya. Kabla hakijafika tulikuwa na magitaa mawili ya mbao za masanduku na nyaya za breki za baiskeli. Mtu asishangae kwamba vijana walikipokea kwa vigelegele.

Lakini tangu kilipofika, kwaya ya wamama imesimama mara mbili tu, na mara ya pili waliketi kabla wimbo haujaisha. Walipoulizwa walijibu kwa kifupi: hatusikii sauti zetu wenyewe.

Hapo maneno yakaanza. Baadhi ya baba wazee wanasema kisanduku kitolewe, ni mambo ya dansi. Baadhi ya vijana wanasema wakati wa wamama umepita, wakae wasikilize. Nimewasikia wote. Kwa wazee nasema, chombo hakina dhambi. Daudi alimpigia Sauli kinubi na roho mbaya ikamwacha (1 Samweli 16:23), na kinubi kilikuwa mti na nyuzi tu. Kwa vijana nasema, someni Amosi sura ya 5 yote, msiruke. Mkifika mstari wa 23 mtaona Mungu amechoshwa na kelele za nyimbo na vinanda, na ukirudi mstari wa 11 na wa 12 utajua sababu: wanyonge walikanyagwa, na mlangoni pa mji hawakupata wa kuwasikiliza. Kanisa linalomnyamazisha mama mzee ili vyombo visikike vizuri limefika karibu na Amosi kuliko linavyodhani.

Basi kilichobaki ni namna ya kukiweka chombo sawa. Hiyo ni kazi ya mikono na masikio. Kenania, mkuu wa Walawi, aliwekwa juu ya uimbaji kwa sababu alikuwa stadi wa kazi hiyo (1 Nyakati 15:22). Maandiko hayakuona aibu kuutaja ufundi, na sisi tuuseme.

WIMBO UNAANDIKWAJE HUMO NDANI

Wengi wanafikiri kisanduku hiki kinanasa sauti kama redio kaseti. Sivyo. Kinachoandikwa humo ni habari za vidole: kitufe gani kilibonyezwa, wakati gani wa wimbo, kwa nguvu kiasi gani, na kiliachiwa lini. Lugha ya kuandikia habari hizo inaitwa MIDI. Watengenezaji wa Marekani na Japani walikubaliana juu yake mwaka 1983, ili kinanda cha kampuni moja kielewane na cha kampuni nyingine. Mwaka 1991 ikatoka orodha moja ya sauti 128, kila moja na namba yake. Namba 1 ni piano kubwa. Namba 20 ni ogani ya kanisa. Namba 53 ni watu wanaoimba "aa". Na namba 109, wazee wangu wa Fizi na wa Bururi, ni kalimba: likembe yenu ninyi, ikembe yenu ninyi, imekaa ndani ya sanduku la Kijapani katikati ya vyombo vya dunia nzima. (Kitabu cha Ezra kinapowahesabu waimbaji wana wa Asafu waliotoka Babeli, kinapata 128. Sijengi fundisho lolote juu ya hesabu hiyo. Niliiona tu nikacheka.)

Kwa kuwa kilichoandikwa ni habari za vidole, unaweza kuubadili wimbo sauti bila kuugusa wenyewe. Jumatatu uliupiga kwa piano. Jumanne unageuza namba, unalia kwa ogani. Jumatano unageuza tena, unalia kwa likembe. Noti ni zilezile, mpangilio ni uleule, hata pumzi ulizoacha kati ya maneno zimo.

Ndugu zangu, wengi wetu tuko hivyo. Aliyekuwa mwalimu Uvira leo anafyatua matofali. Aliyekuwa na mashua Rumonge leo anapanga foleni ya posho na kadi mkononi. Wajukuu wanamwona mzee wa foleni, hawamjui mzee wa mashua. Sauti imegeuzwa namba. Lakini kile ambacho Mungu aliandika ndani ya mtu hakikufutwa pale tulipovuka ziwa, na siku mwenye chombo akitaka, kitalia tena kwa sauti nyingine.

Hata hivyo msije mkafikiri kwamba sauti yoyote inafaa wimbo wowote. Chukueni wimbo huohuo mkaupe seti ya ngoma. Katika seti ya ngoma kila kitufe ni chombo chake: hiki ngoma kubwa, hiki upatu, hiki makofi, hiki kengele ya ng'ombe. Noti zote zipo, haikupotea hata moja, na hakuna mtu kanisani atakayeutambua wimbo. Hicho ndicho Paulo alichokisema, na siku hizi unaweza kukithibitisha kwa kidole kimoja.

UFUNGUO NA MWENDO

Sasa tuje kwa wamama.

Vijana wamezoea kuandika karibu kila wimbo katika ufunguo wa Sol, kwa sababu gitaa linawarahisikia hapo. Kwa binti wa miaka kumi na saba, Sol ni raha. Kwa mama wa miaka sitini na tano, wimbo unapopanda koo linafunga, anabaki kufungua mdomo tu kama samaki. Yeye hajasahau wimbo. Amewekewa ngazi asiyoweza kuipanda.

Kwenye kisanduku kuna mahali pa kuhamisha ufunguo, nusu hatua kwa nusu hatua. Shusha nusu hatua tatu, Sol inakuwa Mi, na hakuna atakayejifunza vidole upya. Vyombo vyote vya sauti vinashuka pamoja. Mstari wa ngoma ndio uachwe mahali pake, maana ukiuhamisha, ngoma kubwa itageuka kitu kingine. Mpiga gitaa atanung'unika kidogo, kisha atagundua kwamba Mi nayo ina nyuzi zake wazi. Mwimbaji mzee ndiye achague ufunguo. Aimbe peke yake kwanza, bila chombo, pale anapopaona pema. Mpiga kinanda amtafute alipo. Ndivyo mchungaji mwema anavyofanya kwa kondoo, anatoka yeye kwenda kumtafuta.

Na mwendo pia. Zamani ukipunguza kasi ya kaseti, sauti ya mwimbaji ilizama ikawa ya jini. Kwa MIDI sivyo: mwendo unashuka, sauti inabaki palepale. Kwa hiyo hakuna udhuru wa kuwakimbiza wazee. Nyimbo za wamama nyingi zinatembea kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni kichwani. Ana mwendo wake, tena ni mzuri, lakini ukimsukuma anaangusha. Wimbo wa kuabudu uliowekwa mapigo 120 kwa dakika, ujaribiwe kwa 84. Sebene ina siku yake na Mungu haichukii. Harusi zitakuja.

Kuna jambo lingine dogo ambalo vijana hawajaliona. Wanapenda kuweka vayolini nyingi chini ya wimbo wa taratibu, na kwa kweli zinapendeza. Lakini kila sauti ina namba ya mwanzo wake: inaweza kutoka mara moja, au inaweza kuchelewa na kupanda polepole kama jua la asubuhi. Ikichelewa mno, neno limekwisha kuimbwa ndipo vayolini zinafika. Wamama wanazingoja vayolini, vayolini zinawafuata wamama, na wimbo unazidi kulegea hadi kila mtu anamtazama mwenzake. Namba hiyo ipunguzwe. Iko nyingine ya mng'ao wa sauti, iwe kali au iwe ya giza kidogo. Kinanda chenye mng'ao mkali kinakalia palepale ambapo herufi za mdomoni hukaa, zile s na sh na ch, na neno linazibwa hata kama kinanda si kikubwa. Kiwekeni giza kidogo, neno litatokeza.

Warundi wanalijua jambo hili kabla ya umeme. Kuna namna ya kupiga inanga ambayo mwimbaji haimbi kwa sauti, ananong'ona. Nyuzi za inanga zinabeba tuni, mnong'ono unabeba maneno, na anayesikiliza anasikia kana kwamba chombo chenyewe kinasema. Chombo kile kina sauti ya chini, na mpigaji hashindani nacho. Anakipa maneno kiasi kile kinachoweza kubeba. Kama kuna mzee kati yetu anayeijua namna hiyo, namwomba vijana wa kinanda waketi miguuni pake jioni moja. Watajifunza zaidi kuliko katika kitabu cha maelezo cha kisanduku.

MWANGWI NA HEMA

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye jambo.

Kisanduku kina madoido ya sauti, na la kwanza ni mwangwi, vijana wanauita eko. Ziko aina 11: ukumbi mkubwa, chumba, jukwaa, hata handaki. Mwangwi ni nini? Ni sauti ya kuta. Ukiimba ndani ya kanisa la matofali na dari ndefu, sauti inagonga ukuta, inarudi, inagonga mwingine, inarudi tena, na wimbo unajazwa. Sisi tunaosali chini ya maturubai na kuta za udongo hatuna kitu hicho. Turubai halirudishi sauti vizuri. Nyingine inapita, nyingine inamezwa na nguo za watu. Ndiyo maana nyimbo zetu zinasikika kavu. Kijana anapofungua mwangwi wa ukumbi mkubwa mpaka mwisho, anajenga ukuta usiokuwepo. Ninamwelewa kabisa. Anataka tusikike kama kanisa tulilosali nyumbani, lile lenye mnara, ambalo yeye amelisikia kwa wazazi wake tu.

Lakini ona kinachotokea. Neno la kwanza halijaisha kulia, la pili limeingia juu yake, la tatu juu ya la pili. Kiswahili kina silabi nyingi zinazofuatana upesi, na Kirundi kinatenganisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti na kwa urefu wa irabu. Vyote viwili vinaumia kwenye mwangwi mrefu. Mgeni aliyeketi mlangoni anasikia utukufu mwingi na hajui umesemwa nini. Paulo anasema mtu wa namna hiyo anakuwa mgeni kwa anayesema, na anayesema anakuwa mgeni kwake. Sisi ambao neno "mgeni" limeandikwa kwenye karatasi zetu, tusiliongeze ndani ya kanisa.

Tena kumbukeni Israeli. Miaka 40 jangwani walimwabudu Mungu hemani. Someni Kutoka 26 muone lilivyokuwa: mapazia ya kitani, juu yake singa za mbuzi, juu yake ngozi za kondoo dume. Hakuna nyumba isiyo na mwangwi kama hiyo. Mapazia na ngozi ni vitu vya kumeza sauti. Hekalu la Sulemani, lenye mawe na mierezi, lilikuja karne nyingi baadaye, na siku ya kuliweka wakfu makuhani 120 walipiga tarumbeta pamoja na waimbaji, wakawa kama mtu mmoja, na wingu likaijaza nyumba (2 Nyakati 5:12-14). Sura hiyo tunaipenda sana. Lakini wingu lilelile lilikuwa limekwisha kulijaza hema (Kutoka 40:34), hata Musa asiweze kuingia. Utukufu haukungojea kuta. Na Yohana alipotaka kusema Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, alitumia kwa Kiyunani neno la kupiga hema.

Kwa hiyo tusionee haya ukavu wa sauti yetu. Ni sauti ya hema, na Mungu anaijua sauti ya hema. Vijana waweke chumba kidogo badala ya ukumbi. Kila chombo kina namba yake ya mwangwi, kuanzia 0 hadi 127: besi na ngoma kubwa zibaki 0, kinanda kipate 30 au karibu na hapo, kisha wasikilize. Sauti za watu hazipiti ndani ya kisanduku hiki, zinapita kwenye maiki na amplifaya, ambayo nayo ina kitufe chake cha eko. Hicho kirudishwe karibu na mwanzo. Anayehubiri akishika maiki, kifungwe kabisa. (Hili nawaambia na wahubiri wenzangu wanaopenda kusikia "haleluya" yao ikirudi mara tatu.)

Yapo madoido mengine, korasi ambayo inafanya chombo kimoja kisikike kama viwili, na kundi la tatu lenye aina 43, humo mna za kukwaruza gitaa na za kuzungusha ogani. Sina neno juu ya hayo. Chumvi kidogo.

ANAYEKETI NYUMA

Kijana anayepanga sauti hufanya kazi yake usiku na hedifoni masikioni, kwa sababu ya majirani. Anafanya vema. Lakini hedifoni ni kanisa la mtu mmoja. Ndani yake besi ni nene na kila kitu kiko mahali pake; asubuhi, kwenye spika yetu ya pembe, besi imetoweka na kinanda kinachoma. Hakuna ibada inayopangwa ndani ya masikio ya mtu mmoja. Kabla ya ibada, apige wimbo, atoke, aende kwenye viti vya mwisho pale wanapoketi wazee wasioona vizuri, asikilize akiwa hapo. Asikilize kama maneno yanafika. Tena amuulize mzee, asijiulize mwenyewe.

Akiona kwamba sauti za wamama hazifiki, kishawishi ni kuziongeza. Ataongeza maiki, maiki itapiga filimbi. Ataongeza tena. Namba za ukubwa wa sauti zinaishia 127, na ukifika huko hakuna mahali pa kwenda. Njia ni kupunguza wengine. Kinanda kitoke 110 kije 70, gitaa lishuke, ngoma ishuke, na ghafla wamama wanasikika bila kuguswa. Yohana Mbatizaji aliwaambia wanafunzi wake jambo la namna hii juu yake mwenyewe na juu ya Bwana, nanyi mnaujua mstari. Yeye alikuwa na sauti kubwa kuliko kinanda chochote, na alikubali kushuka.

Kuna namba nyingine ya kuweka chombo upande wa kushoto au wa kulia. 64 ni katikati. Kwenye hedifoni inapendeza kumweka mmoja huku na mwingine kule. Sisi tuna spika moja, na waya wetu unachukua upande wa kushoto peke yake. Kila kilichowekwa kulia kabisa hakipotei kwenye kisanduku, kinaendelea kupigwa, lakini kanisani hakuna anayekisikia. Nawaomba, kwa kuwa tuna spika moja, wote warudishwe katikati. Wazee wa kanisa nao waisome aya hii mara ya pili, wakiwafikiria wajane wa upande wa mwisho wa kambi ambao hatujawatembelea tangu mvua zianze.

Na msirundike. Kisanduku kinaweza kutoa noti 32 kwa wakati mmoja. Ukiweka piano, na ogani, na vayolini, na kwaya ya namba 53, na tarumbeta, kila kimoja na vidole vinne au vitano, unafika mwisho upesi. Na ukizidi, noti nyingine zinakatwa kimyakimya bila taarifa. Wakati mwingine inayokatwa ni ile uliyoihitaji.

KWA NINI TUSINGOJE

Mnaona jinsi kwaya zetu zinavyopungua. Mmoja ameitwa kwenda Marekani, mwingine Kanada, mwingine Australia. Wengine wamerudi nyumbani. Wengine wamelala kwenye makaburi yetu hapa. Waliovuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 wakiwa vijana sasa wana mvi, na watoto waliozaliwa huku wana watoto wao. Nyimbo za wamama wale hazimo katika kitabu chochote cha nyimbo. Nyingine zilitungwa njiani. Nyingine ni za Kibembe, nyingine za Kifuliru, nyingine za Kirundi, na katika baadhi yake amebaki mtu mmoja au wawili wanaozijua hadi beti la mwisho. Siku mtu huyo akiondoka, kwa ndege au kwa jeneza, wimbo unaondoka naye.

Zaburi ya 137 inasema watu wa Sayuni walitundika vinubi vyao katika miti ya Babeli. Waliwezaje kuvitundika kama hawakuvibeba? Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni na sufuria mkononi alibeba na kinubi. Na hakukitupa mtoni, alikitundika mahali atakapokiona. Kutoka kubomolewa kwa Yerusalemu mwaka 586 kabla ya Kristo mpaka Koreshi alipowaruhusu kurudi mwaka 538 ni karibu miaka 50. Wengi waliorudi walizaliwa uhamishoni. Hata hivyo Ezra 2:65 inahesabu waimbaji 200 wanaume kwa wanawake waliopanda nao, mbali na wana wa Asafu wale 128. Mtu aliwafundisha. Jioni kwa jioni, katika nchi ya watu, mama au baba alikaa na mtoto akamwambia: hapa unapanda, hapa unashuka.

Kisanduku hiki kinaweza kutusaidia katika kazi hiyo, kwa kiasi chake. Wimbo mzima wa MIDI ni mdogo sana, mara nyingi haufiki kilobaiti 100. Picha moja ya simu inaupita mara nyingi. Ukihamishiwa kwenye kompyuta kwa waya, unaweza kwenda kwa ndugu zetu popote walipo, nao wakaushusha au kuupandisha ufunguo wapendavyo, kwa vyombo walivyo navyo huko. Lakini hakishiki maneno, wala hakishiki sauti ya mtu. Maneno yaandikwe kwenye daftari, kwa lugha yake, na maana yake kwa Kiswahili pembeni. Na sauti ya mama mwenyewe inaswe kwa simu, chombo kikiwa chini sana, au kisiwepo. Anayepiga kinanda aisikilize sauti hiyo kwanza hata aijue, kwa maana nyimbo nyingine haziketi sawasawa juu ya vitufe vya piano. Zinapita katikati ya kimoja na kingine, na ukizilazimisha unapata wimbo wa jirani.

Baraza la kanisa limekubali tuanze Jumamosi hii, saa tisa alasiri, hapa kanisani. Wamama watakaa mbele, vijana watakaa karibu nao na kisanduku kikiwa kimezimwa. Wimbo wa kwanza utachaguliwa na bibi yetu mkubwa wa kwaya, na ufunguo ni wake. Binti mmoja mwenye mwandiko mzuri aje na daftari. Simu ziwe zimechajiwa kwenye sola tangu asubuhi. Betri tulizo nazo zimebaki na nguvu za ibada moja tu. Mwenye betri ndogo nzima, hata mbili, amkabidhi mwalimu wa kwaya kabla ya Ijumaa jioni.

Mungu awabariki. Amina.